Pumzi ya mtoto inavyoweza kueleza yanayotendeka tumboni

MAMA anayeishi katika kijiji kimojawapo cha delta ya Mto Tana hupokea lawama mbili mtoto wake anapokonda. Kwanza huambiwa kwamba hampi mtoto chakula cha kutosha. Akieleza kuwa mtoto humaliza bakuli lake la uji kila asubuhi, huambiwa basi chakula chenyewe si kizuri. Ni nadra aulizwe iwapo tumbo la mtoto lina uwezo wa kukitumia chakula hicho.

Swali hilo la tatu ndilo linalozidi kuwashughulisha wataalamu wa lishe na magonjwa ya watoto. Chakula kuingia tumboni ni jambo moja, na mwili kukifyonza ni jambo jingine. Mojawapo ya njia zinazotafitiwa ili kutofautisha mambo hayo mawili haihitaji sindano, haihitaji mrija kupitishwa kooni na haimtoi mtoto hata tone la damu. Inahitaji pumzi yake tu.

Vipimo vya pumzi si vigeni katika tiba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wamekuwa wakipima gesi anazotoa binadamu ili kujua yanayoendelea ndani ya matumbo yake. Jipya ni jitihada za kuvitoa vipimo hivyo katika hospitali kubwa na kuvipeleka mahali ambapo watoto wengi huugua matumbo, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizohusishwa katika jitihada hizo.

Kwa wakazi wa Garsen na Kaunti nzima ya Tana River, suala hili si la maabara pekee. Hapa mto ndio uhai, na pia ndio chanzo cha maradhi. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huwapa maji Wapokomo wanaolima kandokando yake na Waorma na Wardei wanaoishi kwa mifugo. Unapofurika, kama ilivyokuwa wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, kisha mwaka wa 2018, na tena mwishoni mwa 2023 hadi 2024, maji huingia nyumbani, huzoa uchafu wa vyoo na kuharibu visima. Mwaka wa 2024, mafuriko hayo yalifuatwa na visa vya kipindupindu katika kaunti hiyo. Na mvua zinapokosekana, kama zilivyokosekana kwa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, watu na mifugo hulazimika kugawana madimbwi machache yaliyosalia.

Katika hali zote mbili, ya maji kupita kiasi na ya maji kuadimika, mtoto anayetambaa humeza vijidudu kila siku. Si lazima ahare. Hapo ndipo penye siri ya tatizo.

Zulia lililochakaa

Ukuta wa ndani wa utumbo mdogo wa mtu mwenye afya si laini kama mpira. Umejaa vinyweleo vidogo mno vilivyosimama wima mithili ya nyuzi za zulia. Vinyweleo hivyo huongeza eneo la kufyonzea chakula, na juu yake ndipo vinapokaa vimeng'enya vinavyokatakata sukari mbalimbali ili ziweze kuingia katika damu.

Mtoto anapomeza vijidudu mfululizo kwa miezi mingi, zulia hilo huchakaa. Vinyweleo hufupika, vimeng'enya hupungua, na ukuta wenyewe huanza kupitisha vitu ambavyo ungepaswa kuvizuia. Kinga ya mwili nayo hubaki imewaka wakati wote, ikitumia nguvu ambazo zingemjenga mtoto. Wataalamu wanaamini kwamba hali hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watoto wadumae hata wanapopewa chakula.

Ushahidi wa mapema kuhusu hali hii ulitokana na watu wazima. Katika miaka ya 1960, madaktari waliwachunguza Wamarekani waliokwenda Pakistan kufanya kazi za kujitolea. Wengi wao walikutwa na mabadiliko katika utumbo mdogo, ingawa walitoka makwao wakiwa wazima. Waliporejea Marekani, matumbo yao yalianza kupona polepole. Hivyo basi ilibainika kuwa chanzo hakikuwa damu wala ukoo wa mtu, bali mazingira aliyoishi. Ilibainika pia kuwa madhara hayo yaweza kurekebishika.

Ugumu umekuwa katika kuitambua hali hiyo kwa mtoto mchanga. Njia ya uhakika ni kupitisha mrija wenye kamera hadi kwenye utumbo na kukata kipande kidogo cha nyama yake. Hakuna daktari mwenye busara atakayewafanyia hivyo watoto wa kijiji kizima ili tu kujua hali zao. Njia nyingine ni kumnywesha mtoto aina mbili za sukari na kisha kukusanya mkojo wake kwa saa kadhaa. Yeyote aliyewahi kumlea mtoto wa mwaka mmoja anajua ugumu wa kuukusanya mkojo wake wote bila kupoteza hata kidogo.

Pumzi ina nafuu kubwa. Mtoto anayeweza kupuliza hupuliza kwa mrija katika kifuko au chupa. Asiyeweza huwekewa kifuniko laini kinachofunika pua na mdomo, naye huendelea kupumua akiwa mapajani mwa mamake. Kiasi kidogo cha pumzi hiyo hufungiwa ndani ya kichupa, kazi ikaisha.

Haidrojeni na suala la maziwa

Kipimo cha kwanza kinategemea jambo moja la ajabu: chembechembe za mwili wa binadamu hazitengenezi gesi ya haidrojeni. Ikiwa gesi hiyo imo katika pumzi ya mtu, imetengenezwa na bakteria wanaoishi matumboni mwake.

Tuchukue mfano wa maziwa. Sukari iliyomo ndani yake huitwa laktosi. Utumbo mdogo wenye afya huikata kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi, ikafyonzwa na kuisha. Kimeng'enya kikipungua, laktosi huteremka hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha. Tumbo hujaa gesi, hunguruma na wakati mwingine mtu huhara. Sehemu ya haidrojeni inayotokana na uchachu huo huingia katika damu, hufika mapafuni na kutoka kwa pumzi.

Mhudumu hupima pumzi kabla ya mtoto kunywa laktosi, kisha hupima tena kila baada ya muda mfupi kwa saa mbili au tatu. Haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi katika kila sehemu milioni moja za pumzi, huwa ni ishara kwamba sukari hiyo haikufyonzwa. Kipimo hiki kina udhaifu wake. Bakteria wa baadhi ya watu hutoa gesi ya metheni badala ya haidrojeni, na mtoto aliyetoka kumeza dawa za kuua bakteria anaweza kuonekana mzima ilhali sivyo.

Katika eneo kama Garsen, maziwa si kinywaji tu. Kwa familia za wafugaji ndiyo chakula chenyewe, na mtoto huanza kupewa maziwa ya ng'ombe mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 na kundi lililoongozwa na Sarah Tishkoff, aliyechunguza watu 470 kutoka jamii 43 za Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba Waafrika wengi wa jamii za wafugaji wana mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha kumeng'enya maziwa hata utu uzimani. Mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Yalizuka barani humu na kuenea pamoja na ufugaji katika maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa watu wasiokuwa na mabadiliko hayo, laktasi hupungua baada ya utoto. Lakini mtoto mchanga wa jamii yoyote, awe wa mkulima au wa mfugaji, kwa kawaida huzaliwa akiwa nayo, kwa kuwa maziwa ya mama yenyewe yana laktosi kwa wingi. Mtoto mdogo anaposhindwa na maziwa, aghalabu si kwa sababu ya asili yake. Ni kwa sababu maradhi ya kuhara yameuchubua utumbo, na kimeng'enya kilichokuwa juu ya vinyweleo kikaenda navyo. Utumbo ukipona, kimeng'enya hurudi.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Kuna wazazi ambao, mtoto anapohara, huacha kumnyonyesha wakidhani kuwa maziwa ndiyo yanayomdhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri kinyume chake: mtoto anayehara aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Kumwachisha ziwa katika hali hiyo ni kumnyima maji, chakula na kinga kwa wakati mmoja.

Hata madaktari wenyewe wamewahi kujiuliza iwapo maziwa ya tiba wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali yana laktosi na wanga kupita kiasi. Swali hilo lilifanyiwa majaribio katika hospitali za Kilifi na Mombasa hapa Pwani, na nyingine ya Blantyre nchini Malawi. Watoto 843 waligawanywa katika makundi mawili: moja lilipewa maziwa ya kawaida ya tiba na jingine likapewa mchanganyiko usiokuwa na laktosi na wenye wanga mchache. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kuwa mchanganyiko huo mpya haukuwafanya watoto watengemae upesi zaidi. Kuondoa laktosi kwa kila mtoto, kwa kubahatisha, hakukuwa jibu.

Kaboni yenye uzito zaidi

Kipimo cha pili hutumia kaboni. Karibu kaboni yote iliyo duniani ni ya aina moja, lakini takriban asilimia 1.1 ni ya aina iliyo nzito kidogo, iitwayo kaboni-13. Haina mionzi. Imo katika kila tunachokila na katika miili yetu sote, na kwa hivyo inaweza kutumiwa kwa mtoto na kwa mama mjamzito bila hofu.

Wataalamu hutengeneza sukari ya kawaida, yaani sukrosi, iliyotiwa kaboni-13 nyingi. Mtoto huinywa ikiwa imeyeyushwa katika maji. Utumbo mdogo ukiwa na afya, kimeng'enya kilichoko juu ya vinyweleo huikata sukari hiyo, ikaingia katika damu na kuunguzwa na mwili ili kutoa nguvu. Moshi wa moto huo, tukiuita hivyo, ni gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka kwa pumzi ikiwa imebeba ile kaboni nzito. Gesi hiyo ikitoka upesi na kwa wingi, utumbo unafanya kazi. Ikichelewa au ikiwa haba, zulia huenda limechakaa.

Watafiti wa Australia walichapisha mwaka wa 2009 matokeo ya kipimo cha namna hii miongoni mwa watoto wa jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo. Wale waliokuwa wakihara walionyesha uwezo mdogo wa kufyonza kuliko wenzao wasiohara. Baadaye Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilifadhili mradi wa kukiboresha kipimo hicho kwa watoto wa kati ya miezi 12 na 15 katika nchi sita: Bangladesh, India, Jamaica, Kenya, Peru na Zambia. Mpango wa utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 2020.

Hapa chakula cha Pwani kinaingia katika hesabu. Mimea haifanani katika namna inavyoivuta kaboni kutoka hewani. Mahindi, mtama na miwa hubeba kaboni-13 nyingi kidogo kuliko mchele, maharagwe, ndizi, muhogo na maembe. Mtoto aliyekunywa uji wa mahindi uliotiwa sukari ya miwa atatoa pumzi yenye kaboni-13 ya ziada hata kabla ya kupewa kinywaji cha kipimo. Mtoto aliyelishwa wali wa mpunga wa bondeni atakuwa na pumzi tofauti. Ndiyo sababu pumzi ya kwanza huchukuliwa kabla ya kipimo kuanza, na ndiyo sababu katika nchi za ugali sukari inayotumiwa lazima iwe imeongezwa kaboni-13 kwa wingi. La sivyo, uji wa jana ungeuvuruga ukweli wa leo.

Kipimo hiki kina faida nyingine inayolifaa eneo kama Tana Delta. Mashine ya kupimia kaboni-13 ni ghali na haiwezi kuwekwa katika kila zahanati, lakini pumzi iliyofungwa vyema ndani ya kichupa cha kioo haiharibiki upesi kama damu. Haihitaji barafu. Inaweza kukusanywa Ngao au Kipini, ikasafirishwa kwa barabara ya Malindi na kupimwa mbali baada ya siku nyingi.

Kipimo cha tatu, kinachojulikana zaidi mijini, ni cha urea. Hutumiwa kumtambua bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo. Ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Bakteria huyo huikata urea, na kaboni yake ikatoka kwa pumzi. Wazazi hata hivyo wanapaswa kuwa waangalifu. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa mwaka wa 2016 haupendekezi kipimo hicho kitumiwe peke yake kuanzisha matibabu kwa mtoto. Unakikubali zaidi kwa kuhakikisha kwamba matibabu yaliyokwisha kutolewa yamefaulu.

Kupima si kutibu

Ni vyema kutopandisha matumaini kupita kiasi. Kipimo cha sukrosi bado ni chombo cha utafiti, wala mzazi hapaswi kukitarajia katika zahanati ya kijijini. Tena kipimo cha pumzi humtaka mtoto akae bila chakula kwa muda. Kwa mtoto aliyedhoofika sana hilo ni hatari, kwa sababu sukari ya damu yake huweza kushuka ghafla. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kulishwa kila baada ya saa mbili au tatu hospitalini, si kufungishwa kwa ajili ya kupimwa.

Isitoshe, kujua kwamba utumbo umechakaa hakuufanyi upone. Dawa ya hakika ya hali hiyo haijapatikana. Mojawapo ya tafiti kubwa kuhusu suala hili ilifanyiwa magharibi mwa Kenya, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, ikiwahusisha wanawake zaidi ya 8,000 waliokuwa wajawazito. Familia nyingine zilipewa dawa ya kusafishia maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono, nyingine zikapewa lishe ya ziada. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2018 yaliwashangaza wengi. Maji, vyoo na kunawa mikono havikubadilisha ukuaji wa watoto. Lishe ya ziada iliuongeza urefu wao kidogo tu.

Matokeo hayo hayana maana kwamba vyoo ni kazi bure. Maana yake, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni kwamba hatua ndogondogo hazitoshi mahali ambapo uchafu umeenea uani, kisimani na mikononi. Familia ya Garsen ikipewa chupa ya dawa ya maji ilhali kisima kinafurika kila baada ya miaka michache, haijapewa maji safi. Imepewa kazi ya ziada.

Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba mabadiliko yanawezekana. Kudumaa kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini kulishuka kutoka asilimia 26 mwaka wa 2014 hadi asilimia 18 mwaka wa 2022. Lakini wastani wa taifa huficha mengi: katika Kilifi, kaunti jirani ya Tana River, kiwango cha 2022 kilikuwa asilimia 37.

Wakati utafiti ukiendelea, vifaa vinavyookoa maisha ni vile vya kawaida. Utepe wa kupimia mkono wa juu huonyesha utapiamlo mkali kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ikiwa mzunguko wake ni chini ya sentimita 11.5. Mtoto anayehara apewe maji yenye chumvi na sukari ya tiba, zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Akiwa na macho yaliyobonyea, akiwa mlegevu, akitoa damu kwenye choo, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, apelekwe hospitalini bila kungoja kesho.

Basi kipimo cha pumzi kina faida gani kwa mama wa Garsen ikiwa hakimtibu mtoto wake leo? Faida yake ya kwanza ni kusahihisha swali. Maadamu hakuna kinachopima kazi ya utumbo, kila mtoto aliyedumaa huhesabiwa kuwa mtoto asiyelishwa, na mzigo wote huangukia jikoni kwa mamake. Pumzi ikionyesha kuwa watoto wa kijiji kizima wanakula lakini hawafyonzi, lawama haiwezi tena kubaki jikoni. Itabidi ifuate njia hadi kisimani na mtoni, kisha hadi kwenye ofisi zinazopanga bajeti za maji.

Faida ya pili ni ya wale watakaojaribu dawa, vyakula vya tiba au miradi ya maji katika miaka ijayo. Kwa sasa hulazimika kungoja mwaka au miaka miwili ili kuona iwapo urefu wa watoto umebadilika. Kipimo kinachoonyesha utumbo ukipona baada ya wiki chache kingewawezesha kuacha mapema kisichofaa na kuendeleza kinachofaa. Kwa mtoto anayemaliza uji wake kila asubuhi bila kunenepa, miaka miwili ya kungoja ni utoto mzima.